Nina pinde sita za kuwindia na sijawahi kuua hata kanga: uzi wa rikavu za zamani

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Wadau habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha miezi mingi juu najua mtanicheka, lakini wiki jana mtu wa hapa alinitumia ujumbe akiuliza kama ule upinde kwenye picha yangu ni toi ya mtoto, nikaona basi, leo niseme yote.

Ni hivi. Mimi nakusanya rikavu za zamani, pinde za mbao na fibaglasi zilizotengenezwa Marekani kati ya miaka ya hamsini na ya sabini. Rikavu kwa asiyejua ni upinde ambao ncha zake zimekunjika kwenda mbele, ukiutoa uzi unakaa kama mdomo wa mtu amenuna. Si zile kampaundi za magurudumu na nyaya kama baiskeli. Sasa hivi ziko sita nyumbani South B juu ya kabati, na mke wangu ameshasema ya saba ikiingia yeye anatoka. Zote sita ziliundwa za kuwindia, na mimi sijawahi kuua hata kanga wala siko na mpango huo.

Ilianzia Toi Market. Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu vya kijana wangu vya shule nikapitia kwa wale wa vifaa vya michezo vya mtumba, kule kuna raketi za tenisi na fimbo za gofu na zile vijiti za kuteleza kwa theluji ambazo sijui nani Nairobi ananunua. Katikati ya hizo vijiti nikaona kitu kirefu rangi ya chai ya strungi, nikakivuta. Kishikio cha mbao nzito nyekundu yenye mistari, na juu ya kishikio kuna kitu kama sarafu ya shaba ya njano yenye picha ya dubu, imelazwa ndani ya mbao hadi ukipitisha kidole husikii inaanzia wapi. Muuzaji akaniambia hiyo ni ya mazoezi ya mgongo. Alitaka elfu moja mia tano. Nikamlipa mia tisa na nikatoka haraka kabla hajaniangalia usoni vizuri.

Kwa matatu nikaanza kusoma maandishi. Bear Archery, Grayling, Michigan. Grizzly. Inchi 58, paundi 45 (hiyo paundi ni nguvu ya kuuvuta). Na chini kabisa kwa herufi ndogo kuna namba ya hataza, yaani patenti, na Kanada 1953. Wee! Nikashuka nikiwa nimeshika kitu cha 1953, nikampigia ndugu yangu, nikaandika kwa grupu ya familia, hadi bosi kazini nilimwambia. Wiki mbili baadaye nikajua 1953 ni mwaka wa hataza tu, wale jamaa waliendelea kuandika hivyo miaka na miaka, na karibu kila mtu anayeokota Bear ya kwanza anaingia huo mtego. Ukweli unapatikana kwingine. Grizzly za inchi 58 zilianza 1964, na ile sarafu iliyolala sawa na mbao iliisha 1972, kuanzia hapo wakaweka nembo iliyoinuka. Kwa hivyo yangu iko mahali hapo katikati. Bado ni mzee kuniliko.

Sasa kosa. Upinde ulikuja bila uzi. Mimi nikaenda Kamukunji nikanunua kamba ya nailoni, ile ya kufungia mizigo, nikapiga fundo huku na huku. Kisha nikautia kama nilivyoona mtu akifanya, unavusha mguu mmoja katikati ya uzi na upinde, ncha ya chini unaikanyagia kwa kiatu cha mguu mwingine, unaupinda kwa nyuma ya paja. Ukaingia. Nikavuta, nailoni ikanyooka kama chapati ya moto, nikavuta tena, nikaachia. Jioni nikiutazama kwa urefu, jicho moja nimefumba, nikaona uzi haupiti katikati ya bawa la chini (bawa ni ile sehemu ya upinde inayopinda), umeegemea kando. Bawa limejinyonga. Kitu kimekaa miaka zaidi ya hamsini kikiwa sawa, mimi nikakipotosha siku moja, sebuleni, nikiwa na soksi moja.

Nilikaa nacho wiki tatu nikikitibu. Maji moto ya bafuni (si ya kuchemka, moto wa kuogea), unalilowesha bawa, unalinyonga polepole kwa mkono upande wa kinyume, unalishika hivyo hadi lipoe, unautia uzi, unatazama, unarudia. Likarudi karibu sawa. Karibu.

Basi hapo ndipo niliingia. Ya pili ilikuwa Ben Pearson ya Pine Bluff, Arkansas, nikaipata kwa mnada wa nyumba Karen, ya tatu ni Damon Howatt ya Yakima, jimbo la Washington, hiyo ililetwa na shemeji kwenye sanduku la nguo. Zingine nitaweka picha kesho stima ikirudi.

Swali langu kwa wadau: kuna wengine humu wako na huu ugonjwa, ama niko peke yangu?

---

BabaTash

Mkuu hauko peke yako lakini uko karibu kuwa peke yako, mke akitoka. 😂

Swali la kweli: ukitembea na hiyo kitu Nairobi hausimamishwi?

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

@BabaTash naubeba bila uzi ndani ya mfuko wa kiti cha kukunja, ule wa pikniki. Hakuna mtu amewahi kuuliza. Mishale inasafiri kwa bomba la plastiki la fundi wa maji, kondakta mmoja alidhani mimi ni plamba akaniuliza bei ya kubadilisha sinki.

---

MnyamaMkali77

Hamna kazi nyinyi. Kuwinda Kenya kulifungwa 1977, sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi, sasa mnakusanya silaha za kuulia nini? Mwisho wa siku mtu ataenda nazo Kitengela kutafuta swara tumsome kwa gazeti.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

@MnyamaMkali77 ndio maana nikaandika kichwa cha uzi vile. Hakuna mtu humu anaenda kutafuta swara na nikisikia mtu anaenda nitamripoti mimi mwenyewe. Mimi hulenga gunia. Nimeshona gunia mbili pamoja nikazijaza matambara ya mtumba, yale mabaki hayauziki, yakishindiliwa sana yanasimamisha mshale wa paundi 45 na ukiuchomoa hautoki na kitu. Nimelitundika kwa shamba la rafiki yangu upande wa Ngong, nyuma yake kuna ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu. Nikipata jumamosi natembea huko, nasimama hatua kumi na nane, napiga, nasonga nyuma ya mti, napiga nikiwa nimepiga goti. Upinde wa kuwindia uliumbwa kwa hiyo kazi, mfupi, unaingia vichakani, hauna darubini wala vikorokoro. Mimi naipenda hiyo namna ya kusonga na kulenga. Damu sihitaji.

---

Dada_Shabaha

Hatimaye uzi wa maana. Mimi nilianzia kwa rikavu za mashindano, zile ndefu za chuma zenye sehemu ya kulengea, na kwa wale wanaodhani ulenga shabaha ni mchezo wa wazungu, kumbukeni Rio 2016 bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ilibebwa na mlenga shabaha, Shehzana Anwar. Mpiga upinde! Si mkimbiaji! Nililia mbele ya TV na sioni haya.

Sasa mwenye uzi nikuonye kitu kimoja kwa upendo. Paundi 45 si za kuanzia. Wanaume wote huanza na nzito ndio waonekane, halafu wanavuta nusu, bega linapanda hadi sikioni, mkono unatetemeka, na mazoea mabaya yakiingia hayatoki. Anza na 25 au 30, ujue kushika kona ya mdomo kwa kidole kila mara mahali pamoja, ndio uongeze paundi. Pia ile namba imeandikwa kwenye upinde ni ya kuvuta inchi 28. Mikono yako ikiwa mifupi unavuta 26, basi toa kama paundi mbili au tatu kwa kila inchi. Hiyo Grizzly yako inawezekana kwa mikono yako ni ya 40 tu.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Dadangu umenipata, nimejipima jana mlangoni na mshale wenye alama. Inchi 26 na nusu. Miaka miwili naambia watu navuta 45.

---

Fundi_Kariobangi

Niingilie kwa upande wa uzi, namaanisha uzi wa upinde si huu. Mimi nashona viti vya magari na jamaa mmoja aliniletea kazi ya kusokota nyuzi za upinde nikanasa, sasa nina pinde nne na deni.

Wengi wanaua hizi pinde kwa uzi. Zile nyuzi za kisasa hazinyooki hata kidogo na ncha za pinde za zamani hazikuimarishwa, kila ukiachia ncha inapigwa kama shoka, siku moja inapasuka ama uzi unaikata kama sabuni. Pinde za kabla ya miaka ya themanini zipewe Dakroni, ile B-50, inanyooka kidogo na kumeza mshtuko. Kwa 45 mimi nasokota nyuzi 14. Urefu wake ni kama inchi tatu hadi nne pungufu ya urefu ulioandikwa kwa upinde, kisha unaupima kutoka kwa kishikio hadi kwa uzi, ukiwa karibu na inchi saba na nusu ama nane hapo uko salama, unakaza au kulegeza kwa kuusokota zaidi. Ukisikia upinde unapiga kelele kama bati, ongeza msokoto nusu nusu hadi unyamaze.

Na kuvusha mguu MUACHE. Kuna kamba yenye vikombe viwili vya ngozi, unavalisha ncha zote mbili, unakanyaga katikati, unainua kishikio, mabawa yanapinda sawa kwa sawa. Mimi naishona kwa ngozi ya kiti cha Probox.

---

Kijana_wa_Umoja

mi niko na swali rahisi, niliona moja Gikomba jamaa anataka elfu nne, nitajuaje si kuni?

---

Fundi_Kariobangi

@Kijana_wa_Umoja usiuvute hapo sokoni hata akikuomba. Na USIACHIE uzi bila mshale, hiyo nguvu yote isipoenda kwa mshale inarudi ndani ya mbao, na upinde wa zamani unaweza kukulipukia usoni.

Chukua pamba ya dukani. Pitisha polepole juu ya bawa mbele na nyuma, pembeni pia. Pamba ikishikwa mahali ikaacha nywele, hapo kuna ufa hata kama jicho halioni. Tofautisha ufa na vanishi iliyokauka, vanishi inapasuka kama tope la bwawa lililokauka, mistari mingi midogo, hiyo haina neno. Ufa mbaya ni mmoja, mrefu, unafuata bawa. Kisha tazama pembeni kama tabaka zimeachana, fibaglasi na mbao ya ndani zimeshikanishwa kwa gundi, ukiona mstari mweusi unaweza kuingiza kucha, rudisha. Tazama kwa urefu kama bawa limenyongeka, hilo linatibika kama mwenye uzi alivyosema. Na angalia matundu ya skrubu kwenye kishikio, wazungu walipenda kutoboa wakiweka vikorokoro vya kulengea. Tundu haliui upinde ila linaua bei.

Elfu nne kama umepita hayo yote, nunua. Kama haujapita mpe mia tano uuning'inize kwa ukuta.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Ongeza: usiache upinde kwa gari limefungwa juani. Gundi inalainika. Rafiki yangu aliacha wake kwa buti tukila nyama kule Kiamaiko, saa mbili tu, akakuta bawa la juu limefungua mdomo kama mamba.

---

Mutua_Mwingi

Nimesoma yote na kuna kitu inanikwaruza. Nyinyi mnasifia Michigan, mnasifia Arkansas, na sisi huku Ukambani upinde ulikuwa kwa kila boma. Babangu mdogo ana wake hadi leo, mti mmoja mzima, hauna gundi wala fibaglasi wala dubu wa shaba. Na tusijidanganye ati kuwinda kuliisha 1977. Mwafrika mwenye upinde alikuwa anaitwa jangili tangu wakati wa mkoloni, mzungu mwenye bunduki na leseni ndiye alikuwa anaitwa mwindaji. Muulize Mwata, wale wawindaji wa asili wa Tsavo. Tsavo ilifanywa hifadhi 1948, watu walikuwa wanawinda ndovu huko kwa pinde kabla ya hiyo hifadhi kuwa na jina, na 1956 na 1957 ikaja kampeni ya akina David Sheldrick na Bill Woodley, maafisa wa hifadhi, wakawakamata Waata wengi sana. Na wazungu haohao waliowakamata walibaki wakistaajabu zile pinde, nzito kupita paundi 100, wengine wao wakizijaribu hazivutiki.

Halafu leo watu wanasema yule mzee wa Michigan, Fred Bear wa hiyo kampuni ya Bear, ndiye baba wa kuwinda kwa upinde.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

@Mutua_Mwingi kaka sina jibu la kukupinga, na mimi pia ni wa Mwingi kwa upande wa mama. Wacha nikwambie kitu kilinipata huko.

Desemba niliibeba ile Grizzly nikampelekea babu, ana miaka themanini na kitu, amekaa nje kwa kiti cha kamba. Nilitarajia acheke ama ashangae. Hakufanya moja. Aliichukua, akaigonga bawa kwa ukucha wa kidole gumba huku ameiweka karibu na sikio, tok, tok, akishuka kidogokidogo kutoka juu hadi chini. Alipofika kwa lile bawa nililolinyonga akasimama. Akagonga tena hapo mara mbili. Akaniangalia. Sikuwa nimemwambia kitu!

Kisha akaivuta, lakini si kama mimi navyovuta hadi mdomoni, yeye alivuta kuja kifuani, fupi, ya haraka, akairudisha polepole bila kuachia. Akauliza mti gani. Nikamwambia ni bubinga, wale Wamarekani walikuwa wanautumia kwa baadhi ya hizi za miaka ya sitini, mti wenyewe unatoka huku Afrika, Kameruni na Gaboni. Akanyamaza kidogo, akauliza, kwa hivyo mti ulienda Marekani ukarudi Toi? Nikamwambia ndiyo. Akauliza nilinunua pesa ngapi. Nikamwambia mia tisa. Akasema mti umesafiri bei rahisi kuliko mimi nikienda Nairobi.

Wake mwenyewe uko darini tangu sijui lini. Nilimwomba ateremshe akakataa, akasema umelala. Sikusukuma.

Sasa kuhusu Fred Bear. Mimi sisemi ndiye baba wa kitu chochote. Alizaliwa 1902, akafa 1988, na alichofanya ni kuweka fibaglasi na mbao pamoja kiwandani kwa maelfu, ndio upinde ukatoka kwa fundi mmoja mmoja ukafika dukani kwa mtu wa kawaida. Alikuwa muuzaji hodari, alienda Alaska 1960 akampiga dubu mkubwa wa rekodi kwa mshale, picha ikauza pinde. Hata ukitafuta zaidi nyuma utakuta wao wenyewe walifundishwa. Saxton Pope, yule daktari wa Kalifonia, alijifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, ambaye alifariki 1916. Na 1925 Pope na mwenzake Arthur Young wakaja hapa jirani Tanganyika kuwinda simba kwa pinde. Walifanikiwa kuwaua simba, ingawa bunduki ilikuwa karibu.

Kwa hivyo ukifuata huo mnyororo mwanzo wake si Michigan. Mimi nakusanya kilichonifikia, kilichonifikia ni cha Michigan, cha babu kimelala na sina ruhusa ya kukiamsha.

---

Mutua_Mwingi

Hiyo ya kugonga kwa ukucha ni kweli kabisa, baba mdogo hufanya hivyo hata kwa mpini wa jembe. Nimepoa. Lakini ukija tena Mwingi pitia kwetu nikuonyeshe wa kwetu, huo haujalala.

---

Chai_Bila_Sukari

Na ile sumu je? Nasikia mshale wa Mkamba hata ukikuchubua tu…

---

Mutua_Mwingi

Hiyo hatuongei hapa. Ni mti wa msunguti, unashika moyo, basi. Ukitaka hadithi yake nzuri kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, anaishi hukuhuku Kenya, anatafuna gome la huo mti na kujipaka mate kwa manyoya ya ubavuni, mbwa akimuuma mbwa anaanguka. Wanasayansi waliandika hiyo 2011. Panya ameruhusiwa kuwa na sumu na sisi hapana, 😂 sawa tu.

---

Minesota_254

Salamu kutoka kwa baridi. Mimi ni Mkenya niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, na nawinda kihalali na upinde kama hizo, kwa hivyo niwaambie upande ambao mwenye uzi hana.

Nina Ben Pearson ya miaka ya sitini, paundi 48, nilinunua kwa mauzo ya gereji kwa dola 40, bibi aliyeniuzia alisema ilikuwa ya marehemu mume wake na akaniomba niitumie nisiitundike. Sheria ya huku inataka upinde usipungue paundi 30 kwa kulungu na unanunua leseni. Msimu wa upinde unaanza katikati ya Septemba, majani yakiwa bado mabichi.

Misimu mitatu ya kwanza sikupata kitu. Hiyo ndiyo mtu hakwambii. Na kampaundi jamaa wanapiga hatua arobaini, mimi na hii kitu ya zamani najiwekea kumi na tano, ikizidi hapo siachii. Maanake lazima mnyama aje karibu kiasi unasikia akitafuna. Upepo ukigeuka ameenda. Ukisogeza mkono haraka ameenda. Msimu wa nne akaja kulungu jike kama saa kumi na moja jioni, akasimama hatua kumi na mbili, kichwa nyuma ya mti, nikavuta na sikumbuki kuachia, nakumbuka tu manyoya meupe ya mshale yakipotea nyuma ya bega lake na yeye akaruka kama amekanyaga moto.

Mshale si risasi, haumwangushi mnyama kwa kishindo, unakata na damu inatoka, ndio maana chembe, ile ncha ya mshale, lazima iwe kali ya kunyoa nywele za mkono, si kali ya kukata mboga. Na ukipiga UNAKAA. Nilikaa nusu saa chini ya mti nikitetemeka, si baridi. Halafu nikafuata damu kwa tochi, tone kwa jani, tone kwa jani, kama mita themanini. Nilimpata amelala. Nilisimama hapo muda mrefu, nikasema pole kwa Kiswahili, sijui kwa nini Kiswahili.

Nyama tulikula na Wakenya wenzangu Brooklyn Park, tukachoma, mmoja akasema inakaa mbuzi asiye na mafuta. Ugali uliisha kabla ya nyama.

Msimu uliofuata nilimpiga mwingine vibaya nikamtafuta hadi saa nane usiku, sikumpata. Hiyo mwaka sikuenda tena. Kwa hivyo mwenye uzi usijione mdogo na gunia lako.

---

MnyamaMkali77

Sawa. Hii ya mwisho imeninyamazisha kidogo. Bado nasema swara waachwe.

---

Dada_Shabaha

Swara wameachwa, kaka, tulia. Kuna mtu ana manyoya ya bata mzinga? Mimi natengeneza mishale ya mbao na nimeishiwa.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Kuna mama Limuru anafuga, nitakuunganisha. Ila mwambie achambue bawa la kulia na la kushoto mbali mbali, kwa mshale mmoja usichanganye, unyoya wa kulia unapinda kwao na wa kushoto kwao, ukichanganya mshale hauzunguki unaenda ukitikisa kichwa kama mlevi wa mwezi kati. Nilichanganya mara ya kwanza, nikatupa kumi na mbili.

---

Kijana_wa_Umoja

nimerudi gikomba na pamba. jamaa alidhani mimi ni daktari. pamba haikushika mahali, bawa moja limenyongeka kidogo tu, imeandikwa Shakespeare, Kalamazoo Michigan, nikamwambia elfu mbili akakubali. SHAKESPEARE ndio yule wa vitabu?

---

Fundi_Kariobangi

😂😂 hapana mdogo wangu, hiyo ni kampuni ya vifaa vya kuvulia samaki, ilitengeneza pinde pia. Hizo mabawa yake hupenda kunyongeka, maji moto ya kuogea kama mwenye uzi alivyoandika, usiwe na haraka. Lete nikusokotee uzi, urefu gani?

---

Kijana_wa_Umoja

58. na nataka rangi nyekundu

---

Dada_Shabaha

Jumamosi hii nani anaenda Ngong? Mimi nakuja na pinde mbili za paundi 25 kwa wanaoanza, hakuna mtu anashika 45 kabla sijamwona bega lake.

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Nitakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi. Gunia nimelijaza upya. Njooni na maji na mtu asije na mbwa.

---

Fundi_Kariobangi

Nakuja. Mkuu nami nina swali hapa mbele ya watu: ile Kodiak Magnum ya inchi 52 uliyoniachia mwezi jana "siku mbili tu" itakaa kwangu hadi lini? Mke wangu ameanza kuuliza ni ya nani.

---

BabaTash

Subiri. SI ALISEMA ZIKO SITA?

---

Mvuta_Uta (mwenye uzi)

Ziko sita nyumbani. Someni vizuri.